Fomu, mtandao, daftari au mguu: zahanati yako ifuatilieje madhara ya dawa?

Bibi mmoja wa kisiwa cha Pate alikuja zahanatini kwetu mara tatu kwa kikohozi kikavu. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya maji. Mara ya pili na ya tatu nikampa amoksilini. Alikuwa akimeza enalapril ya presha, tuliyomwanzishia sisi wenyewe miezi miwili nyuma, na kikohozi kikavu kisichokoma ni miongoni mwa madhara yanayojulikana sana ya dawa hiyo. Aliyegundua hakuwa mimi. Ni mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kwa mazoezi, akauliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Bibi, kikohozi hiki kilianza kabla ya dawa ya presha au baada?"

"Baada, mwanangu," akajibu. "Nilidhani mwajua."

Nawaandikia wenzangu wa zahanati, kliniki ndogo na maduka ya dawa ya Lamu, kuanzia Kiunga hadi Witu, mnaojua kwamba madhara ya dawa yafaa kufuatiliwa lakini mmekwama katika kuchagua njia. Njia zilizo ndani ya uwezo wetu ni nne: fomu ya manjano ya karatasi ya kuripoti madhara, mfumo wa kuripoti mtandaoni, daftari la dirishani, na kumfuata mgonjwa alipo. Zote nimezitumia, katika vituo tofauti, na kila moja imewahi kuninasia jambo ambalo nyingine zingelipita.

Tupime kwa vigezo gani

Taarifa ya dhara la dawa hupita hatua tatu: mtu aisikie, aiandike, aifikishe. Kabla ya kuchagua njia, jiulize kituo chako kinakwama hatua ipi. Kuna mahali mgonjwa anasema na hakuna mwenye kusikia, kama ilivyokuwa kwangu. Kuna mahali muuguzi anasikia vizuri, anamshauri mgonjwa vizuri, na hakuna kinachoandikwa. Na kuna mahali fomu zimejazwa, zimelala kwenye droo tangu kusi iliyopita. Mapitio ya tafiti 37 kutoka nchi 12, yaliyochapishwa 2006, yalikuta kwamba kwa kipimo cha kati asilimia 94 ya madhara ya dawa hayaripotiwi. Hilo si tatizo la Lamu peke yake, lakini kila kituo kina hatua yake kinapokwamia.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inanasa madhara ya aina gani? Inadai mikono, muda na pesa kiasi gani? Taarifa inafika wapi? Inastahimili bahari, stima na mtandao wetu? Na inamfaa nani?

Jambo moja liwekwe wazi kwanza, kwa sababu limewazuia wenzangu wengi. Huhitaji kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Shaka inatosha. Taarifa huwa na thamani ikiwa na vitu vinne: mgonjwa anayeweza kutambulika, hata kwa herufi za mwanzo za jina na umri, dawa inayoshukiwa, kilichompata, na anayeripoti. Kuripoti si kukiri kosa, wala si kumshitaki aliyeandika dawa.

Fomu ya manjano ya karatasi

*Inanasa nini.* Hasa madhara makubwa na yanayoonekana: upele wa mwili mzima, uso kuvimba, macho kuwa manjano, mgonjwa kulazwa. Yaliyo madogo hayafiki kwenye fomu, maana muuguzi mwenye foleni ya watu thelathini hatakaa kujaza ukurasa kwa sababu ya kichefuchefu. Sifa yake ni kwamba inakulazimisha kufikiri. Inakuuliza dawa ilianza lini, dhara lilianza lini, dawa ilipoachwa hali ilikuwaje, na dawa gani nyingine zilitumika. Maswali hayo yakijibiwa, mara nyingi jibu lajitokeza lenyewe kabla hata fomu haijafika popote.

*Inadai nini.* Robo saa ya mtu mmoja, kalamu, na fomu zenyewe kuwapo. Inadai pia jina kamili la dawa na namba ya bechi, yaani kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, na hapo ndipo penye shida yetu. Vidonge tunavimimina kutoka kopo kubwa hadi kwenye bahasha ndogo ya karatasi, tunaandika "1x3", basi. Mgonjwa akirudi na mwili umemvimba anakuonyesha bahasha hiyo, nawe unajaribu kukumbuka ni kopo gani. Nimezoea sasa kuandika jina la dawa juu ya bahasha, na namba ya bechi kwa nyuma. Ni kazi ya sekunde kumi.

*Inafika wapi.* Inapita kwa mfamasia wa kaunti ndogo au wa kaunti, hadi Bodi ya Famasia na Sumu, Nairobi, iliyozindua mfumo wa kitaifa wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 2009. Mwaka 2010 Kenya ilijiunga na mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 1968 baada ya msiba wa thalidomaidi. Dawa hiyo ilipewa wajawazito, na watoto zaidi ya elfu kumi walizaliwa na viungo pungufu kabla haijaondolewa sokoni. Taarifa za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Uswidi, katika hazina yenye ripoti zaidi ya milioni 30. Fomu yako kutoka Kizingitini inaweza kuwa mojawapo.

Na inahitajika kweli, kwa hesabu ya kawaida tu. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 1,000, ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kuliona japo mara moja, itakubidi uwafuatilie watu kama 3,000 waliotumia dawa hiyo. Hakuna zahanati ya Pate wala Ndau itakayowafikia hao kwa dawa moja. Zikikusanywa pamoja, zahanati nyingi zinaweza.

*Inastahimili nini.* Haihitaji stima wala mtandao, na hilo si dogo. Lakini inahitaji boti. Fomu zetu zilisafiri pamoja na ripoti za mwezi, na kusi ikivuma zilingoja. Karatasi ikilowa chumvi wino unatawanyika. Tia kwenye mfuko wa plastiki, na ubaki na nakala.

*Inamfaa nani.* Kituo kisicho na mtandao wa kutegemewa, chenye mtu anayekwenda Amu au Mokowe kila mwezi bila kukosa. Haimfai anayeona mambo madogo madogo mengi na anataka kujua yanajirudia vipi.

Mfumo wa mtandaoni

*Inanasa nini.* Yale yale ya fomu, kwa sababu maswali ni yale yale. Tofauti ni kwamba mgonjwa mwenyewe au jamaa yake anaweza kuripoti bila kupitia kwetu. Hili nalithamini sana. Yapo mambo mgonjwa hatamwambia aliyempa dawa, kwa heshima au kwa woga.

*Inadai nini.* Simu ya kisasa au kompyuta, bando, na mtu asiyeogopa kujaza. Ukishazoea, ni haraka kuliko karatasi. Ila mara nyingi simu inayotumika ni ya muuguzi na bando ni lake. Msimamizi wa kituo aliweke hilo katika bajeti, asiliache mifukoni mwa watu.

*Inafika wapi.* Moja kwa moja kwa Bodi. Kwa dhara kubwa, kama ngozi kubabuka na malengelenge mdomoni baada ya septrini, kasi hiyo ina maana: ikiwa kuna tatizo la bechi, vituo vingine vitaonywa mapema. Lakini angalia jambo moja. Taarifa ikienda moja kwa moja Nairobi, mwenzako wa zamu ya jioni anaweza asijue kabisa. Andika pia kwenye faili la mgonjwa.

*Inastahimili nini.* Amu mjini, Mokowe na Mpeketoni, vizuri. Upande wa Kiwayu na Mkokoni, kwa bahati. Nimewahi kupanda kichuguu nyuma ya zahanati kutafuta netiwaki huku mgonjwa akiningoja chini.

*Inamfaa nani.* Kliniki na maduka ya dawa ya mijini, na vijana wa kazi wenye simu mkononi. Pia mfamasia anayekusanya fomu za karatasi za vituo vya visiwani kisha kuziingiza mwenyewe; mchanganyiko huo ndio nimeuona ukidumu.

Daftari la dirishani

Njia hii haijaandikwa sana popote, nami nitakaa kwayo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha baada ya yule bibi.

Ni daftari la kawaida la kurasa 96, linalokaa kwenye dirisha la dawa. Kila mgonjwa anayerudi, hata akija kwa jambo jingine, anaulizwa swali moja: "Dawa ulizopewa mara ile, zilikufanya nini?" Si "zilikusaidia?", wala si "zilikuletea madhara?". Ukimwuliza mtu wa huku kama dawa imemdhuru, atakuambia hapana, al-hamdulillah, kwa adabu tu. Ukimwuliza ilimfanya nini, atakueleza. Jibu linaandikwa mstari mmoja: tarehe, umri, dawa, alichosema, tulichofanya.

*Inanasa nini.* Madhara madogo, ya kila siku, yanayowafanya watu waache dawa kimya kimya. Nahodha mmoja tulikuwa tumemwandika "hakurudi". Aliporudi kwa jeraha la mguu tukamwuliza swali la daftari. "Ile ya presha ilinikataa," akasema. "Yanivimbisha miguu, viatu havingii." Alikuwa kwenye nifedipine, na kuvimba vifundo vya miguu ni dhara lake la kawaida. Aliiacha mwenyewe, presha ikabaki juu miezi mitano. Fomu ya manjano isingemnasa huyo kamwe.

Andikeni maneno kama alivyoyasema mgonjwa. Mzee akikwambia "kitwa chanizunguka" au "mato yawa manjano", usimtafsirie kwanza. Kwa mgeni aliyetoka bara, daftari la namna hiyo ni somo zuri la Kiamu. Kwa wagonjwa Waaweer au Waorma, mtu anayejua lugha yao aulize mwenyewe. Swali likipita kwenye vinywa viwili, dhara hupotea njiani.

Ulizeni pia alichotumia pembeni. Dawa za dukani, mwarobaini, kombe, dawa za miti alizopewa na shangazi. Bila kukunja uso. Anayekemewa mara moja hatasema tena.

*Inadai nini.* Nusu dakika kwa mgonjwa, na mtu mmoja mwenye kulipenda daftari hilo. Asipokuwapo huyo, litakufa mwezi wa pili. Nimeona yakifa mawili.

*Inafika wapi.* Haifiki popote, na huu ndio upungufu wake mkubwa. Ni la ndani. Kwa hiyo wekeni siku moja ya mwezi ya kulipitia na kuchagua yapi yanastahili fomu. Kifo, hatari ya kufa, kulazwa au kukaa wodini muda mrefu zaidi, ulemavu, na mtoto kuzaliwa na kasoro: hayo hayangoji siku hiyo, yanaripotiwa mara moja. Likijitokeza jambo lile lile mara tatu kwa bechi moja, ripoti. Na ikiwa malalamiko ni kwamba dawa haifanyi kazi, au vidonge vinamomonyoka, vimebadilika rangi, hiyo ni fomu ya waridi, ya dawa zenye ubora wa shaka.

*Inastahimili nini.* Kila kitu isipokuwa uhamisho wa wafanyakazi. Na lifungiwe kabatini jioni. Jina la mgonjwa wa dawa za HIV lisikae wazi dirishani. Tumieni namba ya faili. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahusu daftari la karatasi la kituo pia, si kompyuta tu.

*Inamfaa nani.* Kituo kinachokwama kwenye kusikia. Yule bibi wa enalapril alibadilishiwa losartani, kikohozi kikaisha ndani ya wiki tatu, na kwenye kadi yake tukaandika kwa wino mwekundu: *enalapril, kikohozi*. Kadi ya namna hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa aliyepata mzio wa septrini au wa penisilini. Akienda hospitali ya King Fahd kisiwani Amu, au akisafiri Mombasa, kadi inasema kwa niaba yake.

Kumfuata mgonjwa

Njia tatu za juu zinangoja mgonjwa aje. Hii inakwenda: kwa simu, au kwa mguu wa mhudumu wa afya ya jamii. Kila mhudumu hutarajiwa kuangalia nyumba kama 100, na tangu 2023 serikali imekuwa ikiwapa vifaa na simu.

*Inanasa nini.* Karibu yote, yakiwemo ya waliokata tamaa wasirudi. Na inakupa kitu ambacho njia nyingine haziwezi: idadi ya waliotumia dawa. Daftari litakuambia watu wanne wameharisha kwa metformini, dawa ya sukari. Ufuatiliaji utakuambia ni wanne kati ya wangapi. Kwa dawa nyingi nimeona simu mbili zinatosha, siku ya tatu na siku ya kumi na nne. Ya tatu inanasa kutapika na kizunguzungu. Ya kumi na nne inanasa upele wa septrini, ambao mara nyingi hutokea wiki ya kwanza au ya pili, na inamnasa aliyekwisha kuacha. Kwa isoniazidi, dawa ya TB, maswali yarudiwe kila mwezi: ganzi ya mikono na miguu, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, macho manjano, na kama anameza vitamini B6 aliyopewa nayo.

*Inadai nini.* Mengi. Salio, orodha, mtu wa kupiga, na mafunzo ili anayepiga ajue lini aseme "acha dawa, njoo leo". Wagonjwa ishirini kwa wiki ni kazi ya mchana mzima. Ndiyo maana haifanywi kwa kila dawa, inachaguliwa: dawa mpya kituoni, dawa za TB, dawa kwa wajawazito. Kliniki ya wajawazito ina la kwake la kuangalia, maana mama anayemeza septrini kila siku hapaswi kupewa tena SP ya malaria; zote mbili zina salfa, na madhara yake yanaongezeka.

*Inafika wapi.* Pale utakapoipeleka. Bado unahitaji fomu au mtandao kwa yaliyo makubwa.

*Inastahimili nini.* Bahari inaikwamisha kidogo tu, kwa kuwa mhudumu anaishi kijijini humo humo. Shida yake ni siri. Simu ya bibi mara nyingi inashikwa na mume au na mwana. Mhudumu ni jirani, na vijiji vyetu vina masikio. Mwulize mgonjwa kabla hajaondoka: nikupigie namba gani, saa ngapi, na akipokea mwingine niseme nini? Akikataa kufuatwa, heshimu.

*Inamfaa nani.* Programu zenye orodha ya wagonjwa na mtu wa kuisimamia. Kwa zahanati ya muuguzi mmoja, ni mzigo usiobebeka ukitaka kuwafuata wote.

Kwa hali yako

*Uko peke yako kisiwani, mtandao wa kubahatisha.* Daftari, na fomu za manjano kwenye mfuko wa plastiki. Kubaliana na mfamasia wa kaunti ndogo kwamba yaliyo makubwa utampigia simu, naye ataingiza mtandaoni.

*Una kituo chenye shughuli Mpeketoni, Hindi au Amu mjini, watu wengi, zamu tatu.* Mtandaoni kwa madhara makubwa, na swali la dirishani kwa wanaorudi. Mpe mtu mmoja jukumu kwa jina. Likiwa la wote halifanywi.

*Una duka la dawa.* Mtandaoni. Wateja wako hawana faili, kwa hiyo jina la dawa na bechi viandikwe juu ya bahasha, na namba ya simu ya duka pia.

*Unaendesha kliniki ya TB au HIV.* Kumfuata mgonjwa, bila shaka kwa maoni yangu. Dawa zinamezwa miezi mingi, madhara yanachelewa, na anayeacha anarudi akiwa mgonjwa zaidi.

*Ni msimu wa kugawa dawa za matende.* Mguu, siku tatu za kwanza. Homa, kichwa kuuma na kizunguzungu hutokea hasa kwa wenye vijidudu vingi mwilini, kwa sababu vijidudu vinakufa. Asipokuja mtu kuwaeleza hivyo, mwaka unaofuata watafunga mlango, nao watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

*Ramadhani imekaribia.* Wagonjwa wa sukari wanaotumia glibenklamaidi na wanaonuia kufunga, waite kabla ya mwezi kuandama, mpange dozi pamoja nao au na daktari wao. Kisha wapigie wiki ya kwanza, alasiri, saa ambazo sukari hushuka. Uliza jasho, kutetemeka, na kiwi cha macho. Akikujibu kwa sauti nzito isiyo yake, usingoje futari: mwambie mtu wa nyumbani ampe maji ya sukari, kisha piga tena baada ya robo saa.